Kwangu Usije

Tarehe 9 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Shikamoo ya pili ni ya kitindamimba wetu, ambaye amening'ang'ania hapa mezani mpaka niandike kwamba meno yake mawili ya mbele yameng'oka na sasa anapiga mluzi hata asipotaka. Haya, nimeandika, ameondoka. Baba hajambo, ni mgongo tu. Dada yako hajambo kupita kiasi: msimu wa sare za shule umeanza, cherehani inalia kutwa, na mtu yeyote akipita karibu na mlango wa chumba chake anapimwa kiuno, apende asipende.

Nianze na lawama. Tangu matokeo yatoke nakupigia simu, inaita mpaka inachoka. Juzi ndiyo nikapata ujumbe wako: "Mambo makubwa hayasemwi kwenye simu. Andika barua ya karatasi, kama watu." Mjomba! Nimezunguka mtaa mzima kutafuta stempu. Karani wa posta ameniangalia utadhani nimemwuliza bei ya ngamia.

Jambo lenyewe ni hili. Nimefaulu, si sana, lakini si haba. Mama anataka nisome ukarani, niketi penye feni. Mimi nataka magari. Unajua tangu lini: tangu nilipokuwa nakuja kwako likizo, wewe umelala chini ya gari, miguu tu iko nje, na mimi nimekushikia tochi mpaka mkono unakufa ganzi. Wenzangu waliota udaktari. Mimi niliota siku ambayo nitakuwa chini ya gari na mtu mwingine ananishikia mimi. Mpaka leo hapa nyumbani naitwa Tochi, na jina hilo ulinibandika wewe, kwa hiyo usinikane.

Njia ziko tatu. Kuna chuo cha ufundi, kile chenye ukuta mrefu nyuma ya stendi, miaka miwili au mitatu. Kuna kile kipya kilichofunguliwa juu ya duka la simu, miezi minne tu unatoka na cheti chenye muhuri wa dhahabu. Tangazo lao lina kijana mwenye ovaroli nyeupe pe, anacheka na spana. Na kuna gereji yako. Nije nijifunze kwako moja kwa moja, na siku ukichoka, nishike funguo. Mimi moyo wangu uko kwenye hii ya tatu, sitaki kukuficha. Mama anasema akiona oili kwenye kitambaa cha mteja atanihamishia uani nikalale na ndoo. Baba anasema yeye hana neno, na kweli mbele ya dada yako huwa hana.

Nijibu upesi. Chuo kinafunga maombi mwisho wa Machi.

Wako,
Tochi


Tarehe 2 Februari

Tochi,

Marahaba, na marahaba ya kitindamimba. Mwambie mluzi usio na meno ndio mtamu, autumie kabla haujaisha. Mpe pole baba yako kwa mgongo. Dada yangu usimpe pole kwa lolote, atafikiri nimelainika.

Huku tupo. Fundi wa rangi, yule mwenye masharubu anayepangisha kona ya gereji yangu, amepata mtoto wa tatu, na kwa furaha amepaka mlango wake rangi iliyobaki kwenye teksi. Hana tena uungwana yule bwana. Akitaka bisibisi anapiga kelele kama anaita watu waje kuzima moto. Wateja nao wamekwenda upande wa pili, siku hizi wananong'ona tu. Mtu anakuja na gari bovu anasema kwa sauti ya chini kama amekuja kuposa. Sijui dunia imepatwa na nini.

Jina langu lakini bado lipo. Mtu akishuka stendi hapa akauliza fundi, anaambiwa nenda kwa Fundi Sikio. Wenye gereji zao za vioo huko mjini wana mashine za kupimia gari. Mimi nina kipande changu cha nondo, ncha moja kwenye injini, ncha nyingine sikioni, na gari linanieleza lenyewe linaumwa wapi. Unakijua, umekishika.

Sasa shauri lako. Nimefurahi mpaka nimempa paka nyama yangu. Umakanika ni kazi. Watu wataacha kununua viti na makabati, lakini hawataacha kukwama barabarani. Mama yako niachie mimi.

Ila kwangu usije. Usiniulize sababu. Gereji hii si mahali pa kuanzia.

Nenda kavikague vyuo, na usikague majengo. Fanya hivi. Tafuta wanafunzi wanaokaribia kumaliza, wape mkono. Mkono ukiwa msafi na laini, shukuru uondoke. Uliza wanafunzi wangapi kwa injini moja. Wakizidi sita, watano wanatazama. Waambie wakuwashie gari la mafunzo. Likigoma na mwalimu akaanza kucheka cheka, ujue hapo wanafundisha kucheka. Mwisho uliza waliomaliza wako wapi. Si wangapi, wako wapi. Chuo kizuri kinajua watoto wake walikoolewa.

Nijulishe ulichoona, kwa barua. Simu yangu ina kasoro.

Mjomba wako


Tarehe 27 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Hapa wote wazima. Mama amemaliza sare, sasa anashona makoti ya wahudumu wa hoteli, na kitindamimba amemeza kifungo kimoja cha koti. Tumeambiwa tusubiri. Tunasubiri.

Nimekwenda kukagua kama ulivyonituma. Kile cha juu ya duka la simu, loo! Ngazi nyembamba, na nikajiuliza injini walipandishaje. Kumbe hawakupandisha. Wana injini moja ya plastiki ya rangi rangi, unabonyeza kitufe inazunguka. Mwalimu amevaa koti jeupe kama mfamasia. Nikampa mkono mwanafunzi wa mwezi wa tatu, mkono wake ukawa laini kuliko wa mwalimu wetu wa dini. Nikaomba gari la mafunzo liwashwe. Wakaniwashia projekta. Nilipouliza waliomaliza wako wapi, mwalimu akanijibu, "Kila mahali," akanipa kalamu yenye jina la chuo. Kalamu ndiyo hii ninayoandikia, ni nzuri kweli, siwezi kuwasema kwa hilo.

Chuo cha nyuma ya stendi ni hadithi nyingine. Kwanza mlinzi mwenyewe alikuwa amefungua kabureta ya pikipiki mapajani. Ndani kuna beseni la kuogea, beseni zima la chuma, limejaa vipuri vinavyolowekwa mafuta ya taa. Nilipowapa mkono wa mwaka wa mwisho, mkono wangu ulirudi mweusi, na mmoja akaniomba radhi, nikataka kumkumbatia. Injini moja, wanafunzi watano. Gari la mafunzo liligoma kuwaka. Nikakata tamaa, lakini mwalimu hakucheka. Aliwageukia wanafunzi, "Kwa nini?" Wakaanza kubishana pale pale, mpaka msichana mmoja akakuta waya wa betri umelegea.

Huyo mwalimu ni mama wa makamo, anafundisha umeme wa magari, ana kovu la kuungua kwenye kiganja na sauti ya kuagiza watu. Nilipouliza waliomaliza wako wapi alichukua simu yake, akaanza kuwapigia mbele yangu mmoja mmoja. Mmoja yuko kampuni ya mabasi. Mmoja anatunza jenereta za hospitali. Mmoja anafuata matrekta mashambani kwa pikipiki. Mmoja hakupata kazi miezi minane, akafungua gereji na shemeji yake, sasa hana nafasi ya kupokea simu, alipokea mkewe. Alinieleza na ubaya pia: mwaka wa kwanza wa kazi malipo ni kidogo, wengine huacha, na msichana atapimwa mara mbili kwa kila nati. Nikamwambia kwetu tunapimwa mpaka viuno.

Kwa hiyo chuo nimeshakipata, Mjomba. Kuna kozi ya injini peke yake ya miaka miwili, na kuna ya injini pamoja na umeme ya miaka mitatu. Bado sijaamua. Lakini wanataka kila mwanafunzi apate gereji itakayompokea miezi ya mwisho wa mwaka ili afanye kazi ya kweli, na mwenye gereji aandike mwenyewe kwamba amekubali, kwenye karatasi ya mwalimu niliyoiweka humu ndani ya bahasha. Nikikosa, watanipangia wao popote.

Nimesoma barua yako mara nyingi pale palipoandikwa kwangu usije. Nilimsomea na Mama. Nilidhani atafurahi, maana alikuwa hataki. Badala yake aliweka mkasi chini akasema, "Kaka yangu hajawahi kumwambia mtoto wangu usije."

Je, utanipokea miezi hiyo? Nijibu hilo moja tu.

Tochi


Tarehe 25 Machi

Mjomba, shikamoo. Kifungo kimetoka. Barua yangu uliipata? Maombi yanafungwa wiki hii, nimejaza kila kitu, nafasi ya gereji nimeiacha tupu. Wameniambia wataisubiri mpaka Agosti. Mimi pia.

Tochi


Tarehe 14 Aprili

Tochi,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, kazi zilinizidi. Mwambie kitindamimba ale chakula, vifungo ni vya mama yake. Mtoto wa fundi wa rangi anakua, ana sauti ya baba yake, hivyo ndivyo ninavyoambiwa.

Umechagua vizuri na umekagua vizuri zaidi. Huyo mwalimu anayepiga simu mbele ya mgeni, mshike. Mimi ningechukua miaka mitatu, ya injini na umeme. Magari yanayokuja hayaniulizi mimi tena.

Ngoja nikuchekeshe. Wiki iliyopita mwalimu mkuu wa shule ya hapa alileta gari lake jipya, yale yanayotumia mafuta na umeme kwa pamoja, ya kwanza kuingia gereji yangu. Alisema linatetemeka. Nikafungua boneti, nikaliwasha, nikachukua nondo yangu, nikaweka ncha kwenye injini na ncha sikioni. Watu wamejaa, unajua wanavyopenda kunitazama. Nikafumba macho. Nikatikisa kichwa. Nikasema, "Safi kabisa, moyo wa simba huu." Kumbe gari limeshazima lenyewe zamani! Ati ndivyo yalivyo, likisimama linazima injini kubana mafuta. Mwalimu mkuu akanigusa bega, "Fundi, mbona limezima?" Nikamjibu hapo hapo, "Ndiyo, nasikiliza linavyopumzika." Tochi, watu walicheka! Fundi wa rangi alikaa chini. Mimi nilicheka kuliko wote. Ilibidi nifunge mapema siku hiyo.

Ule mtetemo sikuupata. Alilipeleka mjini.

Hiyo nafasi ya gereji mwachie mwalimu wako akupangie. Kampuni ya mabasi ni nzuri, wana mashimo ya saruji ya kuingia chini ya gari, hutalala kwenye udongo kama mimi. Chukua nafasi nzuri. Usiniulize tena hili, mwanangu.

Mjomba


Tarehe 30 Mei

Mjomba,

Shikamoo sana. Sisi wazima. Baba mgongo umepona baada ya kukalia kiti cha gari nilichookota chuoni, sasa kiko sebuleni na mkanda wake, na kitindamimba anafunga mkanda kuangalia televisheni. Mama amenishonea ovaroli. Ndiyo, Mama. Ya buluu, ina mifuko saba, na mfuko mmoja ameushona mrefu mwembamba pembeni ya paja. Nilipomwuliza wa nini, akasema, "Wa nondo. Ulidhani nimesahau?"

Nimechukua miaka mitatu. Nimeshajikata vidole viwili, nimeshafunga injini nikabakiwa na nati mkononi, nikaifungua yote tena huku darasa likiniimbia. Nina furaha, Mjomba, kila siku nanuka mafuta na kila siku nina furaha.

Sasa nitakwambia jambo, na ukitaka kunikasirikia, nikasirikie baada ya kumaliza kusoma.

Mwalimu wa umeme ana gari kama lile la mwalimu wenu mkuu. Wiki hii alitufundishia hilo. Nikamwomba niliwekee nondo. Wenzangu walinicheka, yeye akaniruhusu. Nikafumba macho kama wewe. Injini ilipokuwa inawaka, Mjomba, ilinijaa kichwa kizima, mpaka meno yalikuwa yanatetemeka. Halafu likazima lenyewe. Nilirudisha kichwa nyuma kwa kushtuka. Ukimya ule mtu hawezi kuukosa hata akiwa anasinzia, hata akiwa ndiyo siku yake ya kwanza kushika nondo.

Wewe uliukosa.

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa natembea na barua zako kichwani. Simu yenye kasoro. Wateja wanaonong'ona. Fundi wa rangi anayepiga kelele. Mtoto mwenye sauti ya baba yake, "hivyo ndivyo ninavyoambiwa." Mjomba, dunia haijapatwa na kitu. Husikii.

Nilimwambia Mama. Alilia kidogo, kisha akacheka huku analia. Anasema mwaka jana ulipokuja alikuuliza mara tatu kama unataka chai, ukamjibu kila mara kwamba safari ilikuwa nzuri. "Kaka yangu alizaliwa mbishi," anasema, "nilidhani ubishi umekomaa tu."

Sasa nisikilize, yaani nisome. Kama hutaki nije kwa sababu nitakusumbua, au huna kazi ya kunipa, niambie, nitakwenda kwenye mabasi nami nitakupenda vile vile. Lakini kama ni kwa sababu ya masikio, basi hiyo ndiyo sababu hasa ya kuja. Mimi nina masikio mawili, hayana kazi. Naweza kukwambia injini inafanya kwa, kwa, kwa, au inafanya tii, lakini sijui maana yake. Wewe unajua. Chuo wananikopesha mashine ya kupimia kwa miezi hiyo, na mwalimu anasema huko kwenu kote hakuna hata moja, ndiyo maana gari la mwalimu mkuu lilipelekwa mjini. Na yapo magari ya umeme mtupu yanakuja, tumeonyeshwa moja. Halina sauti yoyote. Kwa lile, Mjomba, mafundi wote ni viziwi, wewe utakuwa umetangulia tu.

Mwanao,
Tochi


Tarehe 8 Juni

Nani amekutuma unichunguze? Nimefanya kazi hii tangu mama yako hajaolewa. Gereji yangu haijafungwa na masikio yangu ni yangu.


Tarehe 19 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Ile barua yako haikuwa na salamu. Kitindamimba ndiye aliyegundua, maana yeye hupenda kusikia sehemu yake. Alifungua bahasha akaangalia ndani kama zimebaki. Nimemwambia zimeanguka njiani, naye anakutumia zake bila kudai.

Sitaandika tena habari ya masikio. Nafasi ya gereji bado tupu, wanaifunga Agosti kumi na tano. Ovaroli imefuliwa mara ya kwanza na haikuchuja rangi. Leo nimefunga gia boksi peke yangu, hakuna kilichobaki mkononi.

Tochi


Tarehe 3 Agosti

Tochi wangu,

Marahaba. Marahaba kwa kitindamimba mara mbili, moja ya sasa na moja ya ile iliyoanguka njiani. Mwambie mjomba wake aliifuata akaiokota. Baba yako nampa hongera ya kiti. Dada yangu mwambie chai naitaka, nimechelewa kujibu tu.

Nisamehe ile karatasi. Niliiandika nimesimama. Nilipoipeleka posta nilitamani kumwomba karani anirudishie, lakini nilijua ataniambia kitu na sitamsikia, nikaondoka.

Ni kweli. Ilianza taratibu, miaka sasa. Kwanza ilikwenda ile milio midogo, tii, ssi, halafu mikubwa. Daktari wa masikio, ndiyo, nimekwenda, aliniuliza nimefanya kazi gani, nilipomwambia akatikisa kichwa. Kugonga vyuma maisha yote bila kuziba masikio, anasema, ndiko kulikonifanya hivi. Nimekununulia vile vifuniko vya masikio, vikubwa, vyekundu. Gereji yangu haingii mtu tena kugonga nyundo bila kuvivaa. Fundi wa rangi amevivaa, anafanana na rubani.

Unataka kujua kwa nini nilisema usije. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unanitazama pale kwenye nondo kana kwamba nasikia mpaka mawazo ya injini. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kunitazama vile, hata marehemu mama yetu. Niliogopa uje ukute nimefumba macho mbele ya gari lililozima. Fundi Sikio asiyesikia, huyo anaitwa nani? Nililia siku ile ya mwalimu mkuu, Tochi. Nilifunga mapema nikalia. Sasa nimesema, na mbona bado naandika tu.

Daktari amenipa kimashine kinachokaa nyuma ya sikio. Cha kwanza nilichosikia kilikuwa fundi wa rangi anapiga mluzi. Yule bwana anapiga mluzi vibaya, siku zote hizi hakuna aliyeniambia. Kimashine kinanisaidia kwa watu. Kwa injini bado, kila kitu kinakuwa makelele ya sufuria. Daktari anasema nisitegemee zaidi ya hapo.

Nikasema basi, nimalize uongo. Nikaenda shuleni kwa mwalimu mkuu mwenyewe, nikamkuta ofisini, nikamwambia, "Mwalimu, siku ile sikuwa nafanya utani. Sisikii." Unajua alinijibu nini? "Fundi, tunajua." Nikamwuliza nani anajua. Akasema kila mtu! Muuza matairi anajua. Madereva wa teksi wanajua. Ndiyo maana wote wananigusa bega kabla ya kusema, na mimi nilidhani wamenizoea. Fundi wa rangi amekuwa akipiga kelele miaka miwili mpaka koo limemharibika, kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa namwona hana uungwana. Mtaa mzima ulikuwa umekaa kimya ili nisiaibike, na bado walikuwa wananiletea magari. Nilisimama pale ofisini kwa mwalimu kama mwanafunzi aliyechelewa.

Sasa mteja akija na ugonjwa wa kusikiliza, namwambia bila kujificha: sikio langu liko chuoni, linakuja Desemba, likija nitakuita. Wanacheka, na wanasubiri. Gari la mwalimu mkuu limeanza tena kutetemeka, huko mjini walibadilisha kitu wasichokijua. Nimemwambia asilipeleke popote.

Ndani ya bahasha hii kuna ile karatasi ya mwalimu wako, nimeandika kwa mkono wangu kwamba nimekubali, na nimeweka alama ya oili pembeni ili asije akadhani ni kazi ya karani. Ukuta wa nyuma nimeuondolea matairi mabovu, hapo ndipo pa kuweka mashine yako. Fundi wa rangi anataka kukupakia meza, nimemkataza rangi ya teksi.

Kwangu njoo, mwanangu. Njoo na ovaroli yako ya mifuko saba, utaingia chini ya gari la mwalimu mkuu siku hiyo hiyo. Tochi nimeshaitia betri mpya. Nitakushikia mimi.

Mjomba wako